Maswali Yenu: Mbegu, Kuku na Ua wa Nyuma

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wanaoanza. Wana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, wanataka mboga na mayai yao wenyewe, na hawajui washike lipi kwanza. Tumezipanga kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe, kuanzia udongo mtupu hadi yai.

Nina ua wa mita 8 kwa 12. Nataka mboga na kuku kwa pamoja. Nianze na kipi, na kwa kiasi gani? (Mgeni wa jembe)

Anza na matuta. Kuku waje baada ya miezi miwili au mitatu. Tuta ukilisahau siku mbili litakuvumilia, lakini kuku akikosa maji kutwa moja ya joto kali anaweza kufa, na akinusurika huenda akaacha kutaga kwa siku kadhaa. Kuku hawali saa nyingi za mtu. Wanachodai ni saa zile zile kila siku, asubuhi na jioni. Miezi hiyo ya bustani itakuonyesha kama unazo.

Kabla ya kuchimba, tazama jua linavyopita uani asubuhi, adhuhuri na alasiri. Nyanya, maharage na matango yanataka jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku. Mboga za majani huridhika na saa 4 au 5. Upande wenye kivuli cha alasiri waachie kuku, maana mwili wao umevaa manyoya na hauna jasho. Joto huwatesa kuliko baridi. Lundo la mboji liweke katikati ya banda na matuta, kwa kuwa kila kitu kizito utakachobeba kitapitia hapo. Na usijenge banda mahali ambapo maji ya mvua yatatoka bandani kuteremkia kwenye mboga au kisimani.

Matuta mawili yanakutosha mwaka wa kwanza, kila moja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3. Upana huo unakuwezesha kufika katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo. Udongo uliokanyagwa hushindiliwa, maji hayapenyi, mizizi hukaa juu juu. Acha njia ya sentimita 50 kati ya matuta. Kisha piga hesabu ya maji: tuta linahitaji kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki pasipo mvua. Mita zako 7.2 za mraba ni lita 180, yaani ndoo 18 za lita 10. Ukishazibeba wiki mbili, ndipo uamue kama unataka tuta la tatu.

Panda figili, maharage mafupi yasiyotambaa, spinachi na mashina manne ya nyanya. Figili huvunwa baada ya siku 25 hadi 30, kwa hiyo ndiyo itakayokupa habari za udongo wako mapema kuliko zote. Karoti na vitunguu vya mbegu viache hadi msimu wa pili. Mbegu zake ni ndogo na huweza kuchukua wiki mbili au zaidi kuota, na udongo ukikauka siku moja tu katikati ya muda huo, kazi imekwisha.

Kuku wanne hadi sita wanatosha. Ulizia pia sheria za mahali unapoishi kabla ya kununua msumari wa kwanza. Kwingi kuna kikomo cha idadi, umbali kutoka kwa jirani, au katazo la majogoo.

Nimepewa pakiti za mbegu za nyanya, vitunguu, maharage na kabichi. Tarehe zake zilipita miaka miwili iliyopita. Nizitupe? (Mwenye kopo la mbegu)

Vitunguu, ndiyo, karibu kwa hakika. Mbegu ya kitunguu hufifia ndani ya mwaka mmoja, mara chache miwili. Maharage hufika mitatu, nyanya na kabichi minne au zaidi, iwapo zilikaa pakavu na pa baridi. Pakiti iliyowekwa juu ya dirisha la jikoni haiwezi kulinganishwa na iliyofungwa ndani ya chupa kwenye jokofu, hata kama tarehe ni moja.

Kwa hiyo usibishane na tarehe, zipime. Hesabu mbegu 20 za kila aina. Zitandaze juu ya kitambaa au karatasi laini iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa, kunja, tia ndani ya mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, weka mahali penye nyuzi 20 hadi 25. Andika jina na tarehe, la sivyo utazichanganya. Maharage yahesabu siku ya 7, nyanya na kabichi siku ya 10.

Zikiota 17 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 12, hiyo ni asilimia 60: ukitaka miche 30, panda mbegu 50. Zikiwa chini ya 10, achana nazo. Hata zile chache zitakazoota zitakuwa nyonge, na udongoni mambo ni magumu kuliko kwenye kitambaa.

Kuhusu kina, kanuni ni mara mbili hadi tatu ya ukubwa wa mbegu. Haragwe sentimita 3 au 4, nyanya na kabichi sentimita moja au pungufu, saladi ifunikwe kwa vumbi la udongo tu, kwani aina nyingi huhitaji mwanga ili ziamke. Mbegu nyingi zinazoitwa mbovu zilizikwa tu. Na usipande kwa kufuata tarehe za jirani. Ingiza kipimajoto udongoni sentimita 5 asubuhi. Figili huanza kwenye nyuzi 8 hadi 10, maharage yanataka 16 na zaidi, la sivyo huoza kabla ya kuota. Saladi ni kinyume, udongo ukipita nyuzi 27 hivi hugoma.

Miche yangu ya nyanya iliota vizuri, ikafika majani mawili, kisha ikaanza kuanguka mmoja mmoja. Shina limekuwa jembamba kama uzi pale linapogusa udongo. Nimeongeza maji lakini haisaidii. (Aliyekata tamaa)

Maji ndiyo yanayoiangusha. Huo ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya udongoni vinavyokula shina changa pale kwenye usawa wa udongo. Hustawi penye unyevu wa kudumu, miche iliyosongamana, hewa iliyosimama na mwanga hafifu. Mche ulioanguka haurudi, na aliyeuona umelala hudhani una kiu.

Okoa iliyobaki leo hii. Ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo unaoizunguka, ondoa kifuniko au plastiki, acha kumwagilia mpaka uso wa udongo ubadilike rangi na kuwa mkavu, na sogeza kitalu penye hewa inayotembea. Baada ya hapo mwagilia kwa chini: weka trei ndani ya beseni lenye maji ya sentimita 2 kwa dakika 15 hadi 20, kisha ichuje. Fanya hivyo asubuhi, si jioni.

Mara ijayo, osha trei na vikopo vya zamani kwa sabuni, kisha uviloweke kwa dakika 10 kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya klorini ya kufulia na sehemu tisa za maji, uvisuuze na kuvianika juani. Usijaze kitalu udongo mtupu wa bustani wala mboji ambayo haijaiva. Panda kwa nafasi ya sentimita 3 au 4 kati ya mbegu na mbegu. Ukimwaga pakiti nzima pamoja unaualika ugonjwa mwenyewe.

Ile itakayopona usiikimbize shambani. Itoe nje kivulini saa moja siku ya kwanza, ongeza muda na jua kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, ndipo uihamishe, jioni au siku ya mawingu. Nyanya izike shina hadi karibu na majani ya kwanza ya kweli, kwa sababu shina lililozikwa hutoa mizizi. Kabichi haifaidiki hivyo.

Banda la kuku sita liwe la ukubwa gani, na ni kitu gani ambacho wanaoanza hukosea? Nina mbao na wavu wa kuku. (Fundi wa Jumamosi)

Sakafu iwe mita 1.2 kwa 2, yaani mita ya mraba 0.4 kwa kila kuku, na uwanja wa nje usipungue mita moja ya mraba kwa kila mmoja. Ukiweza kuwapa mbili, wape. Kuku waliobanwa hudonoana, na wakishaonja damu ni shida kuwaachisha. Kimo kiwe cha mtu kuingia akiwa amesimama. Banda la kuinama halisafishwi.

Wavu wako ndio hatari. Ule mwepesi wenye matundu ya pembe sita unazuia kuku kutoka, hauzuii mnyama kuingia. Mbwa huuchana, kicheche huupanua, nguchiro na nyoka wadogo hupita katikati ya matundu. Panapolala kuku, na sentimita 60 za chini za uwanja, tumia wavu mgumu wa waya uliochomelewa wenye matundu ya milimita 12 au 13. Usiupigilie kwa pini za stepla. Tumia skrubu na washa pana (vile visahani vya bati vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu), au ubane kwa mbao nyembamba. Chini, zika wavu sentimita 30, au ulaze juu ya ardhi kuelekea nje kwa sentimita 50 na kuufunika kwa nyasi au mawe. Mnyama huchimba pale pale ukutani, akikutana na waya huondoka. Hana akili ya kurudi nyuma nusu mita. Wavu mwepesi ulio nao utumie kufunika juu ya uwanja ili mwewe asishuke.

Wanaoanza hukosea zaidi kwenye hewa. Huziba banda kila upande wakihofia baridi. Kuku sita hutoa mvuke mwingi usiku kwa pumzi na kinyesi, na unyevu huo ndio unaoleta mafua na, penye baridi kali, huunguza vishungi. Acha matundu marefu juu kabisa, chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, yawekewe wavu ule mgumu. Hewa ipite juu ya vichwa vyao, isiwapige wakiwa wamelala. Kipimo ni pua yako: chuchumaa bandani alfajiri kabla ya kufungua mlango. Ukihisi harufu kali ya mkojo ikiwasha macho, hewa haitoshi au matandiko yamelowa.

Fito za kulalia ziwe na upana wa sentimita 4 au 5, kingo zimelainishwa, kimo cha sentimita 60 hadi 90, umbali wa 30 kutoka ukutani, na nafasi ya sentimita 25 kwa kila kuku. Kwa sita ni mita moja na nusu. Viota viwili vya sentimita 30 kila upande vinatosha, kiota kimoja kwa kuku wanne au watano, navyo lazima viwe chini kuliko fito. Kuku hutafuta pa juu kabisa pa kulala. Kiota kikiwa juu watalala humo, watanya humo, na mayai yako yatakuwa machafu kila siku.

Sakafuni tandika maranda makavu unene wa sentimita 10 hadi 15. Kitasa kiwe cha hatua mbili, kwa mfano komeo lenye pini. Komeo la kusukuma peke yake wanyama wengine hulifungua.

Ninunue vifaranga wa siku moja au mitetea iliyokaribia kutaga? (Asiye na haraka)

Ukituuliza sisi, mitetea ya wiki 16 hadi 18. Bei yake kwa kichwa ni kubwa, lakini unaepuka wiki zile ambazo vifaranga hufa, unajua umepata majike, na mayai yanaanza baada ya wiki chache. Dai karatasi ya chanjo. Mwuzaji asiyeweza kusema walichanjwa nini na lini, mwache na kuku wake.

Ukiamua vifaranga, andaa bruda, yaani sehemu yenye joto ya kuwalelea, siku moja kabla. Kwa vifaranga 10, zungusha kadibodi ngumu ifanye duara la kipenyo cha mita moja, kimo cha sentimita 45. Duara, kwa sababu vifaranga wakiogopa hurundikana kwenye pembe na wa chini hukosa hewa. Tandika maranda, siku tatu za kwanza funika kwa kitambaa kikavu chenye uso wa kukwaruza. Gazeti tupu linateleza, na miguu ya kifaranga ikitanuka siku za mwanzo huweza isirudi.

Joto chini ya taa liwe nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha lipunguzwe nyuzi 3 kila wiki kwa kuinua taa, hadi lifike 21. Taa iwe upande mmoja tu, ili mwenye joto apate pa kukimbilia. Kipimajoto ni kizuri, ila vifaranga wenyewe husema zaidi: wakijikusanya chini ya taa na kulia kwa sauti kali, ni baridi, wakijibandika ukingoni midomo wazi na mabawa yameachwa, ni joto, wakitawanyika wakila na kulala ovyo, umepatia. Ning'iniza taa kwa mnyororo pamoja na kamba ya pili ya akiba. Taa ya bruda iliyoanguka kwenye maranda ni moto wa nyumba nzima.

Wakifika, chovya mdomo wa kila mmoja majini kabla ya kumwachia. Chombo cha maji kiwe na kina kidogo, chenye kokoto safi ndani, wasizame. Kwa siku kadhaa kagua sehemu ya haja. Kinyesi kikigandamana hapo, kilainishe kwa maji ya vuguvugu na ukifute taratibu bila kuvuta, kwani kikiziba kifaranga hufa.

Na ukinunua wasiochaguliwa jinsia, nusu yao watakuwa majogoo. Amua mapema utawafanya nini.

Je, mabaki ya jikoni na mahindi hayatoshi kulisha kuku sita? (Mwenye kubana matumizi)

Hayatoshi kama unataka mayai. Kuku anayetaga anahitaji chakula chenye protini ya asilimia 16 hivi na kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4. Mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9 na kalisi karibu hakuna. Ukimjaza mahindi atanenepa, na ganda la yai atalichukua kwenye mifupa yake.

Kila kuku hula gramu 110 hadi 120 za chakula cha kutagia kwa siku. Sita ni karibu gramu 700, yaani kilo 5 kwa wiki. Mabaki yasizidi sehemu moja kwa kumi ya hiyo, na yatolewe alasiri, wakishashiba chakula chao. Kama wanazurura kwenye majani na wadudu, watapunguza wenyewe.

Vifaranga wana chakula chao cha kuanzia, chenye protini ya asilimia 18 hadi 20, kisha cha kukuzia. Usiwape cha kutagia kabla ya wiki ya 18 au yai la kwanza, maana kalisi nyingi huharibu figo za kuku ambaye bado hatagi. Kubadilisha kufanyike kwa wiki nzima, ukichanganya cha zamani na kipya. Maganda ya chaza au chokaa ya mifugo yawekwe kwenye chombo cha peke yake, kila kuku achukue kadiri anavyohitaji. Wanaokula nafaka nzima au majani wape na changarawe ndogo. Firigisi haina meno mengine.

Visivyofaa kabisa: maharage makavu mabichi, ganda na kokwa la parachichi, maganda ya viazi yaliyogeuka kijani, chakula chenye chumvi nyingi, na nafaka yenye ukungu. Hilo la mwisho watu hulipuuza, wakidhani kuku hula chochote. Sumukuvu haiondoki kwa kuanika wala kupepeta.

Maji: robo lita kwa kuku kwa siku, nusu lita siku za joto. Yai lenyewe ni maji kwa robo tatu.

Lazima niwe na jogoo ili kuku watage? (Mwenye majirani)

Hapana. Kuku hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika iwapo unataka mayai ya kuatamiwa, ambayo huanguliwa siku ya 21.

Nilitandaza mbolea ya kuku kwenye tuta la spinachi, baada ya siku nne majani yakaungua kingo na miche midogo ikafa. Si walisema ni mbolea bora? (Aliyeunguza tuta)

Ni bora ikishaiva. Kinyesi kibichi cha kuku kina naitrojeni nyingi inayogeuka haraka kuwa amonia, pamoja na chumvi. Chumvi hunyonya maji kwenye mizizi, na amonia huiunguza. Pia hubeba bakteria wa salmonela, na spinachi hukaa pua kwa pua na udongo.

Sasa hivi, kwangua mbolea yote inayoonekana uirudishe kwenye lundo. Mwagilia lita 25 kwa kila mita ya mraba, pumzika siku moja, rudia. Majani yaliyoguswa na kinyesi usiyale mabichi. Acha tuta wiki tatu, kisha panda figili kumi za majaribio. Zikiota na kusimama, endelea.

Baada ya hapo kila kitu kutoka bandani kipitie kwenye lundo. Tenga nafasi ya mita moja kwa moja, na lundo lifike kimo cha mita moja, kwa sababu dogo zaidi halihifadhi joto. Weka ndoo moja ya kinyesi kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu. Maranda yaliyotoka bandani yana kaboni nyingi sana na huoza polepole, kwa hiyo takataka za banda lenye maranda mengi ziongezee majani mabichi, si makavu. Unyevu uwe hivi: kamata konzi ukamue kwa nguvu, yatoke matone mawili matatu. Yakitiririka, ongeza vikavu. Yasipotoka, mwagia.

Ndani ya siku tatu nne katikati panapaswa kufika nyuzi 55 na zaidi. Lipindue, nje iwe ndani, kila joto linaposhuka au kila baada ya siku tatu, angalau mara tano, huku joto likidumu juu ya 55 kwa siku 15. Hapo ndipo vimelea na mbegu za magugu hufa. Kisha liache lipoe na kukomaa wiki sita hadi nane. Likinuka amonia, naitrojeni imezidi. Likinuka kuoza, hewa imekosekana. Likikaa baridi, ni dogo, kavu, au halina kinyesi cha kutosha.

Mboji iliyoiva haina harufu ya kinyesi na huwezi kutambua kilichoingia. Tumia ndoo moja ya lita 10 kwa kila mita ya mraba, kabla ya kupanda. Asiye na kipimajoto wala nguvu ya kupindua afuate muda: mbolea ichanganywe na udongo siku 120 kabla ya kuvuna mboga inayogusa ardhi, na 90 kwa isiyogusa.

Kuku wangu wamefukua tuta zima la maharage kwa nusu saa. (Msomaji mwenye hasira)

Ndiyo kazi yao. Uzio wa mita 1.2 huzuia kuku wazito. Wepesi wanataka mita 1.5 au wakatwe manyoya marefu ya bawa moja, na juu ya uzio pasiwe na mbao ya kutua. Waingize tutani baada ya mavuno, wiki mbili au tatu, wale viwavi na magugu, kisha uwatoe na kuhesabu zile siku 120.

Vifaranga wangu wa wiki nne wamejikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi kina damu. Na je, chanjo ya kideri naweza kuichanganya mwenyewe majini? (Mwenye wasiwasi)

Umri huo na damu hiyo vinaashiria koksidiosisi, ugonjwa wa kimelea cha utumbo. Mayai ya kimelea hiki hutoka na kinyesi na huhitaji unyevu na siku moja au mbili ili yawe na uwezo wa kuambukiza. Ndiyo maana huzuka pale chombo cha maji kinapomwagikia matandiko. Mwombe mtaalamu wa mifugo athibitishe, na dawa yenye ampuroliamu itiwe majini kwa kipimo cha lebo, yakiwa maji yao pekee. Wakati huo usiwape vitamini B1, kwa kuwa dawa hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyo hiyo. Ondoa matandiko yote yaliyolowa leo, na uinue chombo cha maji kifike usawa wa mgongo wa kifaranga.

Kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, hakina tiba, chanjo ndiyo kinga, na ratiba yake upewe na mtaalamu wa eneo lako. Ya kunywa unaweza kuichanganya, kwa masharti. Ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 mpaka dakika ya kutumia. Maji yasiwe na klorini, maana inaua virusi hai vya chanjo. Tia gramu 2 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita, subiri dakika 15 hadi 30, ndipo uchanganye chanjo. Vyombo visioshwe kwa sabuni. Wanyime maji saa moja au mbili kabla, ili wamalize yote ndani ya saa mbili. Na chanja kuku wazima tu. Hao wenye kuhara damu wasubiri wapone.

Naweza kutunza mbegu zangu badala ya kununua kila msimu? (Mwenye subira)

Unaweza, mradi pakiti ya kwanza isiwe na alama ya F1. Hiyo ni chotara. Watoto wake watatawanyika kila namna. Anza na maharage na nyanya, kwa kuwa maua yake hujichavusha yenyewe. Maboga na matango huchavushwa na nyuki kutoka bustani za wengine, utapata usichokipanda.

Maharage yaache yakauke kwenye shina hadi ganda lilie ukilitikisa. Haragwe lililokauka vizuri hupasuka likigongwa kwa nyundo, likibonyea bado. Kisha lifunge ndani ya chupa, uliweke wiki moja kwenye jokofu la kugandisha, ili fukusi wanaotoboa maharage wafe pamoja na mayai yao. Likiwa na unyevu, baridi hiyo itaua mbegu pia.

Nyanya iive kabisa shinani. Kamulia mbegu na ute wake kwenye kopo, ongeza maji kidogo, acha siku mbili hadi tatu kwenye joto la kawaida ukikoroga mara moja kwa siku. Uchachu huo huondoa ute unaozuia mbegu kuota. Usipitishe siku ya tatu, zitaanza kuota humo humo. Jaza maji: nzima huzama, tupu huelea na kumwagwa. Suuza, zianike kivulini juu ya sahani au chujio, si juu ya karatasi kwani zitanata, na uzigeuze mara mbili kwa siku.

Kuku sita, wana umri wa miezi 18, mayai yameshuka kutoka matano kwa siku hadi moja. Chakula hakijabadilika. (Aliyezoea mayai)

Kwanza tazama sakafu. Kama kuna manyoya kila mahali na shingo zimenyonyoka, wanabadilisha manyoya. Huwa katika umri huo, huchukua wiki 8 hadi 12, na protini yote inakwenda kwenye manyoya. Wasubiri.

Kama hakuna, hesabu saa za mwanga. Kutaga kwa wingi hutaka saa 14 hadi 16. Siku zikifupika, mayai hupungua. Taa ndogo inayowashwa kabla ya alfajiri kwa saa ya kutegesha hurekebisha hilo. Usiiweke jioni, kwani ikizimika ghafla kuku wataachwa gizani wakiwa bado chini.

Bado? Ingia bandani usiku na tochi, pitisha karatasi nyeupe chini ya fito. Ukiona vidoa vyekundu vikisagika, ni utitiri unaojificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Toa fito zote, sugua kwa maji ya moto, ziba nyufa, tumia dawa iliyoidhinishwa kwa kuku na rudia baada ya siku 7, kwa sababu dawa ya kwanza haigusi mayai. Wape pia shimo la vumbi lililochanganywa na jivu la kuni, sentimita 60 kwa 60.

Na kabla ya yote hayo, pekua vichaka vya uani. Mara nyingi kuku hawajaacha kutaga, wamehama kiota.